Pesa ipi kwa kazi ipi? Wasomaji wauliza kuhusu mtaji wa biashara ndogo

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka swali moja: mtaji unapatikana wapi? Tumechagua kumi. Majina ya walioandika tumeyaacha, tumetaja kazi zao tu. Hesabu tumezifanya bila jina la sarafu, kila mtu aweke ya kwao.

Nimetafuta mikopo ya wajasiriamali kwenye intaneti nikapata kurasa chungu nzima. Nyingine ni za miaka iliyopita, nyingine hazijulikani ni za nani. Nianzie wapi? (Fundi cherehani)

Anzia kwenye karatasi, intaneti ije baadaye. Andika fedha itanunua nini, ni kiasi gani hasa (chukua profoma, yaani karatasi ya bei kabla ya kununua, kwa muuzaji, usikisie), na itarudi baada ya muda gani. Anayeandika "nataka kukuza biashara" hatapata kitu, kwa sababu hakuna mfuko wala benki inayotoa fedha za kukuza biashara kwa ujumla. Zipo fedha za kununua bidhaa, fedha za mashine, fedha za kujaribu wazo jipya, fedha za mafunzo. Kila moja ina mlango wake.

Bidhaa zinazouzwa na kuisha ndani ya wiki tatu zinafaa mali kauli (unachukua bidhaa, unalipa ukishauza) kutoka kwa muuzaji wa jumla, mkopo wa kikundi, au mkopo mfupi wa benki. Mashine itakayofanya kazi miaka mitano inahitaji mkopo wa miaka miwili au mitatu, au ukodishaji unaoishia kwenye kuimiliki. Wazo ambalo bado halijapata mteja hata mmoja lisiguswe na mkopo kabisa. Hilo ni la akiba yako, ruzuku au mashindano ya wabunifu.

Kosa linaloua biashara nyingi kuliko riba kubwa ni kununua kitu cha muda mrefu kwa pesa ya muda mfupi. Chukua cherehani ya kiwandani ya 900,000 inayokuongezea faida ya 30,000 kwa mwezi. Itajilipa kwa miezi 30. Ukiinunua kwa mkopo wa miezi sita, rejesho ni 150,000 kwa mwezi kabla hata ya riba. Mashine inatoa 30,000. Zile 120,000 nyingine utazitoa wapi? Utazitoa kwenye fedha ya vitambaa, na mwezi wa tatu utakuwa na mashine nzuri isiyo na cha kushona.

Ukishajua aina ya fedha, tafuta kuanzia karibu kwenda mbali. Kwanza wanaokujua: wauzaji wako, wateja wako, kikundi chako, chama cha mafundi wenzako. Pili serikali: ofisi ya biashara ya halmashauri au manispaa, wizara inayoshughulikia viwanda na biashara, mifuko ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mfuko wa dhamana ya mikopo kama upo. Tatu benki, ushirika wa akiba na mikopo, asasi ndogo za fedha. Hapo usifuate tangazo. Anza na orodha ya waliopewa leseni, ambayo benki kuu au mamlaka inayosimamia wakopeshaji huiweka wazi. Mwisho kabisa ndiyo mashirika ya kimataifa. Kiva, iliyoanza 2005, hukusanya michango midogo kuanzia dola 25 na kuigeuza mikopo. Wanaochangia hawalipwi riba, lakini asasi inayokufikishia fedha mara nyingi hutoza, kwa hiyo uliza. Tony Elumelu Foundation hutoa mtaji wa kuanzia wa dola 5,000 kwa wajasiriamali wa Afrika, na kuomba ni bure. Kituo cha Biashara cha Kimataifa (ITC) cha Geneva kina mpango wa SheTrades kwa biashara za wanawake.

Unapotafuta mtandaoni, unganisha kazi yako, aina ya fedha na mwaka: "ruzuku mashine za ushonaji", kisha mwaka huu. Ukurasa uliokutangazia nafasi si chanzo. Fungua tovuti ya mtoa fedha mwenyewe, na kabla ya kitu kingine soma sehemu ya wasiostahili. Itakuokolea jioni nzima. Fungua jedwali lenye safu za jina, aina ya fedha, kima cha chini na cha juu, masharti, nyaraka, tarehe ya mwisho, na ulipofikia. Sharti moja likikushinda, futa mstari huo bila huruma.

Benki imetaka taarifa ya mapato na matumizi, mizania na mtiririko wa fedha. Mimi nina daftari la mauzo tu. Je, nimtafute mhasibu aniandalie? (Mwenye duka la vifaa vya ujenzi)

Mhasibu anaweza kupanga namba ulizonazo. Namba ambazo hukuziandika hatazipata popote ila kichwani mwake, na afisa mikopo hutambua. Kwanza hulinganisha mauzo uliyotaja na fedha zilizopita kwenye akaunti, kisha faida yako na ya maduka ya aina hiyo, kisha bidhaa zilizo rafuni na mauzo ya mwezi. Duka linalodai kuuza 5,000,000 kwa mwezi huku stoo ina vitu vya 400,000 lazima liwe linajaza rafu upya zaidi ya mara nane kila mwezi. Kwa mabati na saruji inawezekana, kwa vitasa na bawaba ni vigumu.

Daftari la mauzo ni nusu ya kazi. Ongeza manunuzi, matumizi, unaowadai, wanaokudai, na kile unachojichukulia mwenyewe. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahauliwa zaidi. Mstari mmoja kwa kila tukio: tarehe, maelezo, imeingia, imetoka, salio. Kila mwisho wa mwezi hesabu stoo kwa bei uliyonunulia, si ya kuuzia. Miezi sita ndiyo mwanzo, kumi na miwili ni bora.

Faida ya mwezi inapatikana hivi. Stoo ya mwanzo wa mwezi 900,000, jumlisha manunuzi 1,600,000, toa stoo ya mwisho wa mwezi 1,100,000: bidhaa zilizouzwa zilikugharimu 1,400,000. Kama mauzo ni 2,000,000 na matumizi (pango, umeme, usafiri, msaidizi) ni 320,000, faida ni 280,000. Ukichukua 130,000 za nyumbani, zinabaki 150,000.

Usiombe mkopo wenye rejesho la 150,000. Wakopeshaji hupenda kuona baki ikizidi rejesho. Kipimo cha kawaida ni mara 1.25. Gawanya 150,000 kwa 1.25 upate 120,000, hilo ndilo rejesho unaloweza kulibeba. Na hesabu hiyo ifanye kwa mwezi mbaya kuliko yote ndani ya mwaka, kwani rejesho haliangalii msimu.

Mtiririko wa fedha ni jedwali la miezi 12 ijayo linaloonyesha fedha itaingia lini na itatoka lini. Unauza kwa mkopo wa siku 30? Basi mauzo ya mwezi wa kwanza yaandikwe mwezi wa pili. Wengi huyaandika mwezi ule ule, na jedwali zima linakuwa la uongo bila mwenyewe kukusudia. Mizania ndiyo nyepesi kuliko zote: unachomiliki na unachodaiwa katika tarehe moja, na tofauti yake ndiyo mtaji wako.

Kuna jambo moja la kuanza leo. Kila siku peleka mauzo yote kwenye akaunti au laini ya simu ya biashara, ndipo ulipe matumizi kutoka humo. Anayelipa kutoka kwenye droo na kupeleka masalia benki anauza 3,000,000 lakini taarifa yake ya benki inaonyesha 800,000, na atakopeshwa kwa kipimo cha 800,000. Kabla ya kuomba, chukua pia ripoti yako katika taasisi ya taarifa za wakopaji. Mkopo mdogo wa simu uliosahaulika unaweza kufunga mlango wa mkopo mkubwa, na ni rahisi kuumaliza kabla ya kuulizwa kuliko baada ya kukataliwa.

Wakopeshaji wawili wote wananiambia riba ni asilimia 2 kwa mwezi, lakini marejesho yao hayalingani. Nani anadanganya? (Seremala)

Huenda hakuna anayedanganya. Mmoja anapiga riba kwenye mkopo wa mwanzo hadi mwisho, mwingine anapiga kwenye salio linalobaki.

Mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12. Kwa njia ya kwanza, asilimia 2 ni 24,000 kila mwezi, mara 12 ni 288,000. Rejesho ni 124,000. Kwa njia ya pili, yenye marejesho sawa, rejesho ni takriban 113,500 na riba yote ni kama 161,700. Tofauti ni zaidi ya 126,000 kwa maneno yale yale mawili. Mkopo wa kwanza, ukiupima kwa kipimo cha wa pili, unakaribia asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa kuwa mwezi wa kumi na moja bado unatozwa riba ya fedha uliyokwisha kuirudisha.

Halafu kuna makato. Ada ya kushughulikia maombi asilimia 3 ni 36,000. Akiba ya lazima asilimia 10 ni 120,000. Unasaini 1,200,000, unapokea 1,044,000, riba inahesabiwa kwenye 1,200,000. Kwa hiyo acha kuuliza "riba ni asilimia ngapi?" Uliza: nitapokea ngapi mkononi, nitalipa ngapi kwa jumla, kila rejesho ni ngapi na tarehe gani? Waandike, uondoke na karatasi. Uliza pia kama ukimaliza mapema riba ya miezi iliyobaki inafutwa, na kama faini ya kuchelewa inatozwa kwenye rejesho lililochelewa au kwenye deni zima. La pili likiwa ndivyo, huo ni mkopo wa kausha damu, yaani wa kinyonyaji, hata kama ofisi ina zulia.

Mikopo ya simu ya siku 30 ni hesabu nyingine kabisa. Ukikopa 100,000 na kurudisha 110,000, kisha ukazungusha hivyo mwaka mzima, umelipa 120,000 za gharama na bado unadaiwa zile 100,000. Inafaa kwa dharura ya siku chache yenye faida ya hakika. Kwa mtaji wa kudumu haifai.

Sina ardhi wala nyumba. Nimesikia kuna mfuko wa dhamana unaomdhamini mkopaji. Nikishindwa, si ndio watalipa? (Fundi wa kuchomelea)

Watailipa benki, si wewe. Mfuko wa dhamana hubeba sehemu ya hasara ya benki, mara nyingi nusu au zaidi kidogo, na deni lako linabaki pale pale: utaendelea kudaiwa, na jina lako litaingia kwenye rekodi. Faida yake ni kwamba benki inakubali kukusikiliza. Gharama yake ni ada ya dhamana, ambayo huwa inaongezwa juu ya riba. Mfuko wenyewe hauendewi moja kwa moja kwa kawaida. Unaomba mkopo benki, na benki ndiyo inayoomba dhamana.

Kwa mashine ya kuchomelea kuna njia iliyo karibu zaidi, nayo ni ukodishaji. Kampuni inanunua mashine, wewe unalipa kila mwezi, umiliki unakuja mwishoni. Mashine yenyewe ndiyo dhamana. Utatakiwa kutoa kianzio, na bima mara nyingi ni yako. Soma kifungu kinachosema nini kitatokea mashine ikiharibika, kwa sababu katika mikataba mingi malipo yanaendelea hata kama mashine imelala. Uliza vilevile kama nchi yako ina daftari la dhamana zinazohamishika. Pale lilipo, mashine, gari, stoo na hata ankara ambazo hazijalipwa vinaweza kuandikishwa kuwa dhamana.

Nimeomba ruzuku mara nyingi bila mafanikio, na barua zangu naziandika vizuri. Nakosea wapi? (Mtengenezaji wa sabuni)

Pengine uzuri wa barua haukufikiwa. Maombi hupita kwanza kwenye mchujo wa ndiyo au hapana: je, biashara imesajiliwa, cheti cha kodi hakijaisha muda, umri wa biashara uko ndani ya kipimo, nyaraka zote zipo, bajeti haizidi kima cha juu? Msomaji wa hatua hii hana ruhusa ya kukuonea huruma. Bajeti isiyojumlika inatosha kukutoa.

Wanaopita hapo ndio wanaopewa alama, na vigezo karibu kila mara vimeandikwa kwenye tangazo. Alama 30 kati ya 100 zikiwa za ajira, na wewe umeandika sentensi moja kuhusu ajira na kurasa mbili kuhusu manukato ya sabuni, umejinyima mwenyewe. Tumia vichwa vya habari vya tangazo kama vichwa vya andiko lako, kwa mpangilio ule ule. Anayesahihisha maandiko mengi kwa siku moja akitafuta alama ya ajira, aikute palipoandikwa ajira.

Bajeti iandikwe kwa kipimo, idadi, bei ya kimoja na jumla. "Vifaa: 2,000,000" haipati kitu. "Ndoo za lita 100 zenye kifuniko, 8, kwa 45,000 = 360,000" inaonyesha unajua kazi. Ambatisha bei za wauzaji watatu pale zinapotakiwa. Vitu vinavyokataliwa mara kwa mara ni kulipa madeni ya zamani, gharama zilizofanyika kabla ya mkataba, ununuzi wa ardhi, na mshahara wa mwenye biashara. Mifuko mingi hutaka mchango wako pia, wa fedha au wa vitu. Ukisema utachangia mashine uliyonayo, onyesha risiti au tathmini.

Matokeo yapimike. "Kuboresha maisha ya jamii" hakuna anayeweza kuyakagua. "Kutoka miche 600 hadi 1,500 ya sabuni kwa wiki ifikapo mwezi wa nane, na wafanyakazi wawili wapya" yanakaguliwa.

Jambo lisilosemwa sana: ruzuku nyingi hulipwa kwa awamu, na nyingine hulipa baada ya wewe kutumia. Awamu zikiwa asilimia 40, 40 na 20, ile 20 ya mwisho inakuja baada ya ripoti kukubaliwa, maana yake wewe ndiye wa kuitanguliza. Mradi wa 5,000,000 unakudai uwe na 1,000,000 yako. Wapo walioshinda ruzuku na kukopa ili waimalize. Uliza pia kama ruzuku inahesabiwa kuwa mapato kwa ajili ya kodi.

Tuma siku mbili kabla ya mwisho, kwani tovuti za maombi hulemewa saa za mwisho. Ukikataliwa, andika kwa adabu uombe alama na maoni. Wapo wasiojibu. Wanaojibu wanakupa andiko bora la mwaka unaofuata.

Nimepata ujumbe kwamba nimechaguliwa kupewa ruzuku, nilipe ada ndogo ya usajili ili fedha zitoke. Nilipe? (Mama wa saluni)

Hapana, mama, usilipe. Hukuomba, hivyo hukuchaguliwa. Ada ya kutoa fedha, bima ya kutangulia, kodi ya kulipa kabla ya kupokea: hayo ni majina ya utapeli mmoja. Mkopeshaji halali hukata ada zake kwenye mkopo au huzieleza kwenye mkataba wa ofisi yenye leseni, wala haombi utume kwenye namba ya mtu binafsi. Usibonyeze kiungo kilicho kwenye ujumbe. Andika mwenyewe anwani ya taasisi inayotajwa, tafuta namba yao, piga uulize. Namba ya siri na tarakimu za uthibitisho zinazokuja kwenye simu haziombwi na mtu yeyote mwenye nia njema. Kama tayari umelipa, toa taarifa kwa kampuni ya simu au benki saa hiyo hiyo, maana muamala huweza kuzuiwa kabla fedha hazijatolewa.

Kikundi chetu kina watu 18. Tunaweka na kukopeshana, lakini sanduku limekauka na wanaotaka mkopo ni wengi. Tuongeze riba? (Katibu wa kikundi)

Kuongeza riba hakujazi sanduku, kunawafukuza waangalifu na kubakisha wenye shida. Angalieni kanuni kwanza.

Mfumo wa vikundi vya hisa ulioanzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, na kuenea nchi nyingi tangu hapo, una mipaka iliyowekwa kwa sababu. Kila mkutano mwanachama hununua hisa moja hadi tano, asizidi, ili mwenye nacho asiwameze wenzake. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Mikopo ni mifupi, miezi mitatu hivi. Sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na anayelitunza sanduku si miongoni mwao. Mfuko wa jamii, wa misiba na maradhi, hautumiki kukopesha. Baada ya miezi 9 hadi 12 mzunguko unafungwa na fedha zote zinagawanywa.

Sanduku likikauka katikati ya mzunguko, mara nyingi kuna mikopo iliyoongezewa muda kimyakimya. Someni majina ya wadaiwa na tarehe zao mbele ya wote kila mkutano. Msigawe kila kilichomo siku hiyo hiyo. Wekeni utaratibu wa nani anatangulia, na kama maombi yanazidi fedha, kila mmoja apunguziwe kwa uwiano. Wiki za mwisho za mzunguko msitoe mikopo mipya, la sivyo siku ya kugawana mtagawana madeni.

Hesabu ya mgao ni hii: fedha zote baada ya mikopo kurudi, tuseme 3,300,000, gawa kwa hisa zote zilizonunuliwa, tuseme 3,000 za 1,000 kila moja. Hisa moja inakuwa 1,100. Mwenye hisa 120 anapata 132,000. Kama mahitaji ya wanachama yameshapita uwezo wa sanduku, hiyo ndiyo siku ya kufungua akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu na kuzungumza na ushirika wa akiba na mikopo. Daftari lenu la mizunguko iliyopita ndiyo barua yenu ya utambulisho.

Jamaa anataka kuweka 10,000,000 kwenye kampuni yangu achukue robo. Ni haki? (Msindikaji wa mafuta ya ngozi)

Robo kwa 10,000,000 ina maana kampuni, fedha zake zikishaingia, ina thamani ya 40,000,000. Kabla ya hapo 30,000,000. Hakikisheni mnazungumza thamani moja. Kama mlikubaliana kampuni ina thamani ya 40,000,000 *kabla* yake, basi baada ya fedha ni 50,000,000 na fungu lake ni asilimia 20.

Kati ya asilimia 25 na 26 kuna kitu kikubwa kuliko moja. Katika nchi nyingi zenye sheria za kampuni za asili ya Kiingereza, azimio maalumu, kama kubadili katiba ya kampuni, hupita kwa robo tatu ya kura. Mwenye zaidi ya robo anaweza kulizuia peke yake. Ukibaki na 75 kamili unaamua. Ukishuka hadi 74 unaomba.

Fedha ziingie akaunti ya kampuni kwa hisa mpya. Zikiingia mfukoni mwako, umeuza hisa zako na kampuni haijapata mtaji. Mkataba useme nani anasaini benki, mshahara wako ni kiasi gani, gawio linatolewa lini, maamuzi gani yanahitaji nyote wawili, na mmoja akitaka kutoka hisa zinapimwaje na nani ana haki ya kwanza ya kuzinunua. Mlipe wakili wako mwenyewe, si wake.

Kama hutaki mshirika wa kudumu, mpendekezee sehemu ya mauzo. Kwa mfano asilimia 5 ya mauzo ya kila mwezi hadi afikishe mara 1.4 ya alichoweka, yaani 14,000,000. Ukiuza 8,000,000 kwa mwezi anapata 400,000, na mnamalizana kwa miezi 35. Mwezi mbovu analipwa kidogo, na hisa zinabaki zako.

Nimepata oda ya 5,000,000 lakini gharama zake ni 3,500,000 na mteja analipa siku 60 baada ya kupokea. Sina hata robo ya hizo. (Mchapishaji wa fulana)

Jaribu mazungumzo kabla ya mkopo: malipo ya awali ya asilimia 30 hadi 50, au upeleke mzigo kwa mafungu manne na kulipwa kila fungu, au mteja amlipe muuzaji wa fulana moja kwa moja na kukata kwenye malipo yako. Ikishindikana, peleka hati ya oda kwa mkopeshaji anayefadhili oda. Yeye humlipa muuzaji wako, hakupi wewe fedha. Mzigo ukishapokelewa, ankara yenyewe inaweza kukopewa, kwa kawaida asilimia 70 hadi 90 ya thamani yake.

Piga hesabu ya siku zote. Kuchapa siku 30 na kungoja 60 ni miezi mitatu. Ukitozwa asilimia 3 kwa mwezi kwenye 3,500,000, ni 315,000 kutoka kwenye faida ya 1,500,000. Inabebeka. Kinachovuruga ni kingine: siku 60 huanza kuhesabiwa pale hati ya kupokelea mzigo iliposainiwa na kugongwa mhuri. Dereva akirudi bila saini, hujaanza kudai. Na soma kama oda ina faini ya kuchelewa kabla ya kuikubali.

Kuna ushauri wa bure wa kuaminika, au kila mshauri anataka pesa? (Kijana mfuga nyuki)

Upo. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lina mafunzo ya kuanzisha na kuimarisha biashara yanayojulikana kama SIYB, yanayofundishwa na wakufunzi waliothibitishwa katika nchi nyingi. Uliza ofisi ya kazi au chama cha waajiri. ITC ina kozi za bure za mtandaoni kwa wanaotaka kuuza nje. Tovuti ya MicroMentor, iliyokuzwa na shirika la Mercy Corps, inakuunganisha na mshauri wa kujitolea bila malipo. Vituo atamizi vya vyuo, vinavyolea biashara changa, hutoa ofisi, maabara na wakufunzi, ila uliza kama vinachukua hisa.

Unapomwandikia mshauri usimwombe akusaidie biashara. Mtumie ukurasa mmoja wenye mauzo ya miezi sita, gharama ya kilo moja ya asali ikiwa imefungashwa, bei unayouzia, na swali moja tu linalojibika kwa nusu saa. Mkishazungumza, mtumie siku hiyo hiyo mambo mliyokubaliana na tarehe ya kumrudishia majibu.